Koti la Sufu Katika Joto la Beni

Maliro hakuwa na gereji. Hakuwa na kibao mlangoni chenye jina lake, wala shimo la kuingia chini ya gari, wala winchi ya kuinulia injini. Saa za kupimia nguvu ya gesi hakuwa nazo, pampu ya kunyonya hewa hakuwa nayo, na umeme alikuwa amekosa pamoja na mtaa mzima wa Vulamba. Alikosa meno mawili ya mbele, yaliyong'olewa na mpini wa kuwashia lori alipokuwa kijana. Alikosa mtoto wa kiume wa kumrithisha spana zake. Na zaidi ya yote alikosa diploma. Alisoma masomo ya jioni kwa mapadri miaka mitatu, akafanya mtihani, karatasi za mtihani zikapelekwa Kinshasa, na mpaka leo hazijarudi. Siku ya kufunga masomo padri alimhurumia, akampa koti lake mwenyewe la sufu, la rangi ya majivu, lenye vifungo vya pembe. Basi Maliro akawa na koti badala ya diploma.

Kitu kimoja hakukikosa: rafiki.

Rafiki huyo aliitwa Edmond. Walikaa benchi moja kwenye masomo ya jioni na kupokezana rula moja. Maliro alipompata Falonne, mtoto wake wa pekee, Edmond ndiye aliyembeba mbele ya maji ya ubatizo. Tangu siku ile majina yao yakawekwa kando. Edmond alimwita mwenzake Baba Falonne, naye Maliro alimwita Parrain, kama Wakatoliki wa Butembo wanavyomwita baba wa ubatizo. Falonne alipokuwa na miaka sita malaria ilimpanda kichwani, na hospitali ilikuwa imejaa hata chuma cha kutundikia serum, yale maji ya dawa ya mshipani, hakikupatikana. Edmond alisimama karibu na kitanda kutoka asubuhi hadi jioni, ameinua chupa kwa mkono, akibadilisha mkono wa kulia na wa kushoto. Mambo kama hayo mtu hayasahau. Baadaye Edmond alihamia Beni, kule chini kwenye joto, akafanya biashara ya utomvu wa papai. Maliro akabaki huku juu kwenye baridi na mafuta machafu.

Kwa miaka tisa Maliro aliunda gari. Mwili wake ulitoka kwenye Toyota iliyoanguka darajani, injini ya mazutu, yaani dizeli, ilitoka kwenye nyingine iliyoungua viti, na vioo alivipata kimoja kimoja kama mtu anayeokota kuni. Siku liliponguruma mara ya kwanza, mke wake Berthe alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani Falonne ameposwa. Lilikuwa gari la kijani, na Maliro alipolitazama aliona kile ambacho Kinshasa ilikataa kumrudishia. Mtu akimuuliza, "Ulisomea wapi?" angeonyesha kwa kidevu tu: lile pale.

Lilitembea miezi minne. Kisha vita ya pili ikaja, mwaka wa 1998, ikaleta askari wa kila namna, kila kundi na bendera yake, na makundi yote yalikuwa na shida moja: magari. Walisema wanaazima. Hakuna aliyewahi kuona kilichoazimwa kikirudi.

Basi watu wa Butembo wakapata dawa yao. Mwenye gari alilichambua, akatawanya vipande. Magurudumu kwa huyu, pampu ya mazutu kwa yule, usukani kwa mwingine, na wa kwanza hakujua alichoficha wa pili. Askari akija anakuta bati limekaa juu ya matofali, anatema mate, anaondoka. Na sheria zilikuwa mbili. Ya kwanza: mtu mmoja asijue maficho yote. Ya pili: gari lililokusanywa halitoki bila mwenyewe ndani, hata likiendeshwa na nduguye wa tumbo moja.

Maliro alizishika sheria hizo miaka miwili. Mwezi wa nane, mwaka 2000, alizivunja zote mbili, na alizivunja kwa ajili ya Edmond.

Edmond alifika akiwa na kuku wawili, kopo dogo la gesi kutoka Kasindi, na habari.

"Baba Falonne," alisema akikaa kwenye kiti cha nyumbani, "kuko mukubwa moja kule Beni, wa ku bureau ya transport. Mutu ya Kinshasa. Joto inamuua, mavumbi inamuua. Anatafuta gari yenye clim, mashine ya baridi, ya kukodi. Na gari yenye atakodi, anaipatia ordre de mission, karatasi ya kazi yenye stampi. Stampi, unasikia? Soda, askari yeyote, akiona ile stampi anapiga saluti, anafungua barrière."

"Clim yangu ilikufa mbele ya vita, Parrain. Kompresa ilishikana."

"Njo maana nimekuletea gaz. Tafuta kompresa, tia. Kazi ingine ni yangu. Au unataka gari ioze ndani ya maharagi ya mama Jokébed?"

Berthe alikuwa mlangoni. Akachukua kuku.

Maliro alilala na shauri lile siku mbili. Halikuwa shauri la mali. Alitaka kusikia gari lake likipita barabara kubwa mchana, watu wakigeuka, na askari wakifungua kizuizi. Asubuhi ya tatu alianza kazi nyuma ya nyumba, na Edmond alikuwa pale tangu mwanzo hadi mwisho, mikono ya shati imekunjwa, akishika taa, akishika spana, akienda pamoja naye kuchukua vipande. Hivyo alijua magurudumu yalikuwa darini kwa katekista, pampu ilizikwa chini ya banda la sungura, na usukani ulikuwa kwa Jokébed, mjane wa jirani, katikati ya gunia la maharagwe.

Jokébed mwenyewe aliuleta akicheka. "Mungu wangu! Butembo tunalala na blanketi mbili, weye Baba Falonne unatia baridi ndani ya gari? Ukimaliza, tia na mvua."

"Baridi hii inaenda Beni, mama. Kule bataiuzia kwa kilo."

"Basi na miye nitashona ya kwangu ndani ya gunia."

Kompresa ya zamani haikugeuka hata kwa spana iliyovikwa bomba refu. Maliro aliifungua, akakuta ndani unga wa chuma unaong'aa kama magamba ya samaki. Alijua unga ule umekwishasafiri kwenye mabomba yote, na kwamba atakayetia kompresa mpya bila kuyaosha ameiua siku ileile. Akayaosha kwa petroli mara nne, akipuliza kwa mdomo mpaka macho yakamtoka, mpaka kitambaa cheupe kikatoka cheupe. Kompresa nyingine aliipata kwa Josaphat, fundi wa mipira ya gari, aliyekuwa anaitumia kujazia upepo. Aliisafisha, akabadilisha mafuta yake, na kwa kuwa hakuwa na kipimo, alipima kwa chupa ya kunyonyea ya Falonne iliyobaki kabatini tangu utoto wake. Masikio ya kuifungia hayakulingana na injini. Akakata chuma cha kitanda, akatoboa, akakisugua kwa tupa siku nzima. Hewa aliinyonya kwa mashine ya friji iliyokufa, ikizungushwa na jenereta ndogo aliyoileta Edmond, kisha akatia gesi ya kopo. Viungo alivipaka povu la sabuni, akakaa akivitazama kama paka mbele ya shimo. Povu halikutoa hata kiputo kimoja.

Maji ya clim nayo yalihitaji njia ya kutokea. Tundu la kulia lilikuwa limeliwa na kutu, akalipeleka bomba upande wa kushoto. Bomba lenyewe lilikuwa ule mpira mwembamba wa serum, wa siku ya malaria ya Falonne. Berthe ndiye aliyeuhifadhi. Watu wa nyumba ile hawakutupa kitu.

Kulibaki mkanda, na hapo sikieni vizuri, maana yote yatakayofuata yanatundikwa juu yake. Kompresa ya Josaphat ilitoka kwenye gari la namna nyingine, na gurudumu lake halikukaa kwenye mstari wa mkanda wake. Maliro akatafuta njia: mkanda mmoja mrefu, uzungushe alternator ya umeme na kompresa kwa pamoja. Sasa kwenye injini ile, mgongoni mwa alternator kuna pampu ndogo ambayo inasaidia breki. Mkanda ukikatika, pampu inasimama, na dereva akikanyaga breki mara mbili au tatu anakuta amekanyaga ukuta. Maliro alijua. Alijua pia mkanda ule unavutwa kuliko nguvu zake. Aliagiza mikanda miwili inayofaa kutoka Kampala kwa dereva wa lori, pamoja na gurudumu dogo la kuipangia mstari. Ingechukua majuma mawili. Gari lingekwenda Beni kuonyeshwa na kurudi Jumamosi. Kwa siku nne, alijisemea, mkanda huu unatosha.

Hakumwambia Edmond. Fundi haonyeshi kiraka cha ndani, na Edmond alikuwa amekwisha kusema mbele ya majirani, "Muone mutu! Bila école, bila machine, anafanya kama muzungu ya Toyota." Baada ya sifa kama ile, ni nani angeinua kifuniko cha injini na kusema: lakini hapa, Parrain, nimebandika?

Waliwasha. Maliro aliweka kiganja mbele ya tundu la upepo. Kwanza uvuguvugu, kisha ubaridi, kisha baridi kali ya saa kumi na moja alfajiri, ile inayomkuta mtu wa Butembo akienda misa ya kwanza. Berthe aliweka shavu lake pale, akafumba macho.

"Sasa twende," alisema Maliro. "Miye nakaa mbele."

Edmond akakuna kidevu. "Baba Falonne. Angalia mikono yako."

Akaiangalia. Mafuta yalikuwa yameingia kwenye mistari ya viganja tangu ujana.

"Soda wa barrière akiona ile mikono, anajua ni mécanicien. Gari anaiacha, weye anakubeba. Mafundi ngapi banabebwa kule ku camp batengeneze camions? Banarudi?"

Ilikuwa kweli. Watatu walikuwa wamebebwa, na mmoja alirudi bila vidole.

"Mwenyewe anakaaka ndani," alisema Maliro polepole. "Njo vile tunafanya."

"Hata kwa miye?" Edmond aliuliza. Hakuinua sauti. Aliinua mkono tu, wa kulia, juu, kama mtu ashikaye chupa ya serum, kisha akaushusha.

Maliro akampa ufunguo. Akampa karatasi za gari. Na Edmond aliposema mkataba wa kukodi utapigwa mashine kule Beni, akaweka sahihi yake chini ya ukurasa mweupe, sahihi nzuri yenye mkia, aliyojifunza kwenye masomo ya jioni.

Ijumaa Edmond alirudi. Alikuja kwa miguu, shati limepasuka begani, kiatu kimoja hakipo. Alipofika mlangoni alipiga magoti.

"Banaikamata, Baba Falonne! Ku barrière ya Maboya. Stampi ilikuwa haiyafika. Nilibaambia ni ya ndugu yangu, bananipiga. Uniue! Kamata nyundo, uniue!"

Maliro alimwinua. Na haya ndiyo yaliyomwuma baadaye kuliko gari: kwamba yeye ndiye aliyebembeleza. Yeye aliyeibiwa ndiye aliyesema, "Nyamaza, Parrain, gari ni chuma, weye ni mutu." Berthe alimchinjia mmoja wa kuku aliowaleta. Asubuhi kulikuwa na ukungu, na Edmond alitetemeka ndani ya shati lake bovu. Maliro aliingia chumbani, akatoka na koti la sufu la padri, akamvika kwa mikono yake, akamfungia vifungo vya pembe kimoja kimoja kama anavyofungiwa mtoto.

Majuma sita yalipita. Mikanda ya Kampala ilifika pamoja na gurudumu lake, Maliro akaitundika kwenye msumari ukutani, kwa kuwa hakuwa na pa kuifunga. Mwishowe aliandika barua ya malalamiko, kurasa mbili za Kifaransa safi bila kosa, akapanda lori kwenda Beni kuipeleka kwenye ile ofisi ya usafirishaji. Aliyekamatiwa gari ana haki ya kuuliza liko wapi, hata wakati wa vita.

Ilikuwa Jumapili, lakini vita haikuwa na Jumapili, na ofisi ilikuwa wazi. Karani wa ofisi aliitwa Elikia, mtu wa Kinshasa aliyekwama Beni tangu mapigano yalipofunga njia. Shati lilikuwa limemganda mgongoni, na alijipepea kwa faili. Aliisoma barua yote.

"Vieux, nani aliandika?"

"Ni miye."

"Félicitations, umeandika muzuri. Mais iko uongo."

"Uongo gani?"

"Si yako. Ya mwenye alikuambia." Alifungua daftari kubwa, akapitisha kidole. "Tangu mwezi ya tano hakuna gari yenye ilikamatwa ku Maboya. Camion moja ya bière, lori ya pombe, njo ile tu, na yenyewe ilirudi, lakini bière hapana." Akacheka peke yake. "Na chef yetu kutafuta gari ya clim? Papa, chef yetu anatembea na moto, pikipiki ya kukodi. Hapa ventilateur, feni ile ya juu, inazunguka tu siku pape anakuja."

Maliro alikunja barua yake mara nne. Alitoka nje kwenye jua la mchana, lile jua la Beni linalokaa mabegani kama gunia, akatembea bila kujua anakwenda wapi. Moyoni alikuwa anatafuta kosa la karani. Daftari huweza kukosea. Askari hawaandiki kila kitu.

Kwenye njia ya maduka ya papai na kahawa aliona Toyota nyeupe, imesimama kivulini, injini inanguruma, vioo vyote vimefungwa. Angeipita. Lakini chini yake kuku alikuwa anakunywa maji.

Yalikuwa matone safi, yakianguka upande wa kushoto, na kwenye vumbi yalikuwa yamekwisha kuchimba kikombe. Maliro alichuchumaa, magoti yakalia. Juu ya kikombe kile ulining'inia mpira mwembamba wa serum, na kigurudumu chake cha plastiki cha kupunguza dawa bado kiko palepale.

Aliposimama mlango ukafunguka, na baridi ikamgonga usoni, baridi yake, ile ya saa kumi na moja alfajiri. Ndani ya gari alitoka Edmond. Kote Beni watu walikuwa wamevaa singlendi. Edmond alikuwa amevaa koti la sufu, limefungwa vifungo vyote.

"Baba Falonne!" alisema, na mkono ukakimbilia kwenye kola.

"Parrain. Unasikia baridi?"

"Sikia... sikia kwanza. Hii hapana ile. Ile ilikuwa ya kijani."

"Ile mupira ya chini ni ya serum ya Falonne. Weye ulishika chupa yake."

Edmond alitazama chini, akaona kuku na maji. Alipoinua uso ulikuwa uso mwingine.

"Donc unataka nini? Uko na karatasi? Miye niko nayo. Acte de vente, karatasi ya kuuziwa, na signature yako chini."

"Niliweka signature ku karatasi nyeupe."

"Na nani atasadiki ile? Mutu mwenye alisoma jioni yote ile, anaweka signature ku karatasi nyeupe?" Alicheka kidogo, kisha akashusha sauti. "Gari ilikuwa inaoza ndani ya maharagi. Miye niliiokoa. Ni vita, Baba Falonne. Kila mutu anakula kwenye mukono yake inafika. Usipige kelele hapa, commandant ni mutu wangu."

"Ulipiga magoti ku mulango yangu."

"Nilipiga."

"Ulikula kuku."

Edmond aligeukia mlango wa gari. Ndani ya gari, kiti cha mbele, Antoinette mke wake alikuwa anatazama mapaja yake. Nyuma watoto wawili walikuwa wamelala, midomo wazi, kwa utamu wa ubaridi.

"Tunachelewa," alisema Edmond. "Kila siku ya Mungu kama leo tunaendaka Mutwanga kwa mama yake."

Aliingia, akakanyaga mafuta, na pale injini ilipopanda, mkanda ulipiga kelele. Haikuwa kelele kubwa. Mpita njia angesema ni ndege. Maliro aliijua kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Kutoka Beni kwenda Mutwanga njia inashuka mpaka daraja la Semuliki, na kwenye mteremko ule dereva ana kitu kimoja tu cha kutegemea: breki.

Aliinua mkono. Alifungua mdomo. Edmond aliona mkono ule, akadhani ni wa kuomba, akapandisha kioo.

Maliro akaufunga mdomo wake.

Siku nne hakula vizuri. Hakumwambia mtu ila Berthe, naye Berthe alisikiliza yote akipepeta mchele, hakusimamisha ungo hata mara moja.

"Mukanda bado iko mzima?" aliuliza.

"Ananie wa lori alipitana nayo jana ku Beni. Anasema inalia kama nguruwe siku ya Noeli."

"Basi acha ikatike."

"Antoinette iko ndani. Na batoto."

"Antoinette alijua. Alitazama mapaja." Ungo ukaendelea. "Weye uliwatengenezea baridi, sasa utawatengenezea na njia? Ukimuandikia, atacheka. Ataonyesha watu: muone huyu mujinga, nilimuibia gari, ananitumia vipuri."

Maliro alijua Berthe anasema kweli. Edmond angecheka. Alitoka nyuma ya nyumba, akasimama mbele ya yale matofali manne ambayo gari lilikaa juu yake miaka miwili. Majani yalikuwa yameanza kuota katikati. Alijaribu kufikiri juu ya Edmond, lakini kila alipojaribu aliona mkono ulioinuliwa, na hakujua tena kama ni mkono ule wa hospitali au ule wa siku ya ufunguo, maana sasa ulikuwa mkono mmoja. Hilo ndilo alilomwibia zaidi. Gari alikuwa amelichukua kwa mbele, lakini siku ile ya serum aliichukua kwa nyuma, miaka kumi na minne baadaye.

Kisha akafikiri juu ya mkanda. Mkanda haukuwa wa Edmond. Edmond hakuufunga. Ule ulikuwa mkono wa Maliro, na kama ungewatupa watu wanne Semuliki, hakuna rangi nyeupe wala hati ya uongo ambayo ingeugeuza kuwa kazi ya mtu mwingine.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi, na Jumapili, siku yao ya Mutwanga, ilikuwa mbali kiasi cha kutosha. Alinawa mikono kwa sabuni na mchanga, akakaa mezani, akaandika kwa Kiswahili, kwa sababu Kifaransa alikuwa anakiwekea heshima.

"Edmond,

Usiniandikie jibu.

Mkanda unaozungusha alternator ni uleule unaozungusha kompresa. Niliufunga mmoja kwa siku nne tu, nikakuficha jambo hilo, na kosa ni langu. Ukikatika, breki itakuwa ngumu kama jiwe. Kelele unayoisikia ndiyo dalili yake. Usishuke Mutwanga kabla ya kuubadilisha. Ndani ya mfuko huu kuna mikanda miwili na gurudumu dogo. Fundi yeyote mwenye akili ataona pa kuvifunga, nimemchorea chini. Akikosa kuelewa, aondoe kompresa kabisa, alternator ibaki na mkanda wake. Mtakaa na joto kama watu wengine wa Beni.

Sikuandikii kwa sababu nimekusamehe. Sijakusamehe. Nakuandikia kwa sababu kazi ni yangu hata kama gari umelichukua, na kazi yangu haiui mtu.

Falonne bado ni mtoto wako wa ubatizo. Hilo si mimi niliyelifunga, siwezi kulifungua. Lakini mimi usiniite tena Baba Falonne. Niite Maliro, kama nilivyoitwa kabla sijakujua.

Koti libaki kwako. Nilipewa kwa kuwa nilisoma. Wewe pia ulikuwa benchi lile."

Alisoma mara mbili, akaongeza nukta moja iliyokosekana. Chini alichora injini, mishale, na upana wa mkanda kwa milimita, mchoro safi ambao mwalimu yeyote wa jioni angeupa alama zote. Sahihi aliiweka mwishoni kabisa, karibu sana na mstari wa chini, pasibaki nafasi ya mtu kuongeza neno.

Gundi hakuwa nayo. Berthe alisimama akimtazama akigeuzageuza bahasha, kisha akaenda jikoni, akarudi na kipande kidogo cha ugali wa jana, akakiweka mezani. Maliro alikiponda kwa kidole gumba, akapaka ukingo wa bahasha, akaukandamiza mpaka ukashika. Aliitoa mikanda kwenye msumari, akaifunga pamoja na gurudumu na barua ndani ya mfuko wa unga, akashona mdomo wa mfuko kwa uzi wa viatu.

Ananie alikuwa barabarani, lori linanguruma, limejaa maharagwe ya Lubero.

"Ni ya nani, muzee?"

"Ya Edmond, wa papai. Mupe mu mukono yake. Mbele ya siku ya Mungu, Ananie, Jumapili isiikute njiani. Ikichelewa haina kazi."

"Niseme nini?"

"Hapana kusema kitu. Yote iko ndani."

Ananie aliuweka mfuko chini ya kiti chake, akatia gia. Maliro alibaki kando ya njia, bila koti, akisikiliza breki za lori kwenye kona ya kwanza, na kwenye ya pili, mpaka lilipokwenda mbali asiweze kusikia.